Ludger Michaud na Kosa Ambalo Halikuwa la Lori

Marehemu Ludger Joseph Michaud alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Novemba 1940, katika nyumba ya babu yake huko Grand-Détour, Bonde la Mto Saint John, kaskazini mwa Maine. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Évariste na Philomène Michaud, wakulima wa viazi. Mama yake alipenda kusimulia kwamba theluji ya kwanza ya mwaka ule ilimchelewesha mkunga, na alipofika alikuta mtoto amekwisha kuzaliwa, amefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, anapiga miayo. Miaka mitatu baadaye alizaliwa ndugu yake wa pekee, Onésime.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1946 hadi 1954. Nyumbani walisema Kifaransa, na shuleni Kifaransa kilikatazwa. Ludger aliadhibiwa mara nyingi kwa kuropoka neno la nyumbani, mpaka akaona nafuu ni kunyamaza. Kunyamaza kule hakukumtoka tena. Onésime, aliyekuwa na mdomo mwepesi, ndiye aliyemjibia walimu, na akachapwa kwa niaba yake.

Mwaka 1963 aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani kwa miaka miwili, na huko akafundishwa umakenika. Aliporudi aliajiriwa kwenye karakana ya ushirika wa wakulima wa viazi, akafanya kazi hapo miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu mwaka 2002. Hakupata kuwa msimamizi. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba msimamizi lazima aongee.

Tarehe 2 Julai 1966 alifunga ndoa na Géraldine Daigle. Wakati wa uchumba alimwonya, "Mikono yangu hii haitakati. Nimesugua kwa kila sabuni." Géraldine akamjibu, "Basi oa, ila mapazia yangu usiyaguse." Walijaliwa mtoto mmoja, Lorette, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Mapazia yaliguswa.

Haiwezekani kumweleza Ludger bila kulieleza lori lake. Vuli ya mwaka 1974, yeye na Onésime walilikuta katika ghala la viazi la mjane Delvina Pelletier: lori la mwaka 1951, matairi yamezama ardhini, panya wamejenga juu ya injini, na mche wa mbetula umetoboa sakafu ukachungulia dirishani. Delvina aliwapa kwa sharti moja, kwamba uwanja wake usafishwe theluji mpaka atakapokufa. Aliishi miaka ishirini na miwili zaidi. Ludger alikuwa akisema hajaona mtu aliyefaidi vizuri namna ile kwa lori bovu.

Ndugu hao wawili walifanya kazi majira mawili ya baridi katika banda la Ludger, jiko la kuni likiwaka katikati. Walishusha injini, wakatoa pistoni moja moja, wakabadilisha ringi. Walikwangua kutu kwenye chesisi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Sakafu walichomelea upya kwa bati la tangi la zamani. Spea zilizokosekana walizichonga wenyewe. Mbele wakafunga sepetu la chuma la kusukumia theluji, refu kuliko kitanda cha watu wawili, na nyuma wakapakia magunia ya mchanga ili matairi yashike barabara. Siku lilipowaka, Onésime aliruka ruka uwanjani kama mwendawazimu. "Kaka, linakohoa! Kikongwe kinakohoa!" Jina likabaki hilo, Kikongwe.

Tangu hapo Ludger alisafisha nyua ishirini na mbili kila theluji ilipoanguka, kabla ya kwenda kazini. Alianza na wajane, kisha padre, kisha wenye watoto wadogo. Uwanja wake mwenyewe ulikuwa wa mwisho. Kila Septemba, kabla viazi havijatoka shambani, alikipaka Kikongwe mafuta mazito chini yote, akabadilisha mipira ya haidroliki, akakaza kila nati kwa mkono. Aliyejitolea kumsaidia aliruhusiwa kushika taa tu.

Hapa familia inafika kwenye jambo ambalo Ludger mwenyewe aliagiza lisomwe mbele ya kaburi lake, na akataka lisilainishwe.

Katika bonde letu kuna sheria isiyoandikwa popote: theluji ya uwanja wako huivushi barabara. Huisukumi kwenda upande wa jirani. Watu wamesameheana mipaka ya mashamba, wamesameheana hata wake, lakini hilo hawajasameheana. Nyumba ya Onésime iko mkabala na ya Ludger, barabara katikati, na mama yao Philomène alikuwa akiishi kwa Onésime.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Februari 1987, baada ya dhoruba ya siku mbili, Ludger alifika uwanjani kwake akiwa amechoka na ana njaa. Sepetu la Kikongwe halina swichi ya kuligeuza. Dereva hushuka, huchomoa pini, hulisukuma sepetu kwa bega upande anaoutaka, kisha huirudisha pini. Baridi ikizidi, pini huganda, na dawa yake ni kuigonga kwa nyundo. Sepetu lilikuwa limeelekea kushoto, upande wa barabara. Nyundo ilikuwa kwenye kiti, karibu na paja lake. Hakushuka. Aliisukuma theluji yote ya uwanja wake ikavuka barabara, ikajaa hadi kimo cha kifua cha mtu kwenye lango la ndugu yake. Alijiambia kwamba atakula kwanza, kisha atarudi kuiondoa. Géraldine alikuwa ameshaandaa ploye, zile chapati zetu nyembamba, za moto na siagi.

Alikuwa bado mezani mama yake aliposhikwa na maumivu ya kifua. Gari la wagonjwa lilikuja haraka, likasimama mbele ya lundo lile. Wanaume wanne walichimba kwa koleo kwa dakika kumi na nane, na Ludger alikuwa mmoja wao. Philomène alifariki njiani. Daktari alisema huenda asingepona hata lango lingekuwa wazi. Alisema huenda.

Uwanjani, mbele ya wote, Onésime aliuliza, "Ludger, imekuwaje?"

Ludger akajibu, "Pini iliganda. Lori limegoma, mdogo wangu."

Baada ya mazishi ya mama yao ndugu hawa hawakusemezana kwa karibu miaka thelathini na mmoja. Kanisani walikaa safu mbalimbali. Ludger aligeuza utaratibu wake wote: tangu siku ile, dhoruba ikiisha, lango la kwanza kusafishwa lilikuwa la Onésime, kabla ya wajane na kabla ya padre. Onésime alitoka na ufagio, akafagia pale palipokwisha kusafishwa, bila kuinua macho. Watu walidhani amemnunia kaka yake kwa sababu ya mama. Ludger naye alidhani hivyo. Kila Septemba alitia pini mpya, ingawa ya zamani haikuwa na hitilafu yoyote.

Mwezi Agosti 2017 Ludger aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikataa kulazwa mbali. Septemba ilipofika alikalia kiti kando ya Kikongwe, kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeshika taa, Lorette akashika spana. "Kaza. Hapo umeipapasa tu, hujaikaza," alimwambia. "Siku nzima, na nati hiyo moja ndiyo uliyokaza?" Kwa kawaida yake hayo yalikuwa mazungumzo marefu.

Mchana wa Jumanne, tarehe 23 Januari 2018, alimwita Lorette karibu na kitanda, akamweleza habari ya nyundo. Alisema hajapata kumwambia mtu, hata padre. Akasema, "Nenda kamwambie ba'mdogo wako. Mwambie pini haikuganda. Sikuigonga hata mara moja. Usiniombee msamaha. Mwambie tu."

Lorette alivuka barabara. Onésime alifungua mlango akiwa na soksi, gazeti mkononi. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, baba mdogo?"

"Jioni ileile, baridi bado ileile, nilikwenda bandani kwake. Niliigonga ile pini na spana ndogo, tena kidogo tu, ikatoka. Lori lile nimelijenga mimi, mwanangu. Nalijua kama meno yangu." Akakunja gazeti, akalikunjua. "Sikumnunia kwa ajili ya theluji. Mtu huchoka, mtu hukosea, hata mimi ningefanya vile. Nilimnunia kwa kusingizia lori. Nikasema, akija kuniambia ukweli, siku hiyohiyo yamekwisha. Nikamngoja."

"Mbona hukwenda wewe kumwambia kwamba unajua?"

"Yeye ndiye mkubwa," Onésime alisema. Kisha akasema, "Hilo ni jibu la kijinga. Mwambie nakuja."

Angeweza kuvuka kama alivyokuwa. Lakini alirudi ndani kunyoa ndevu na kuvaa shati la Jumapili, maana hakutaka kumwendea kaka yake ovyo baada ya muda wote ule. Lorette alirudi kwa baba yake, akamwambia, "Alikuwa anajua, baba. Anakuja." Ludger alifumbua macho, akauliza, "Alijua tangu lini?" Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yanayoeleweka. Onésime alipoingia, mashavu mekundu kwa wembe, kaka yake alikuwa ameshapoteza fahamu.

Alikaa naye kwa muda wa saa tatu, amemshika mkono ule usiotakata. Alimweleza kuhusu mbetula uliochungulia dirishani, na panya, na siku Kikongwe kilipokohoa. Alimtania, akamwita mzee bubu. Kama Ludger alisikia, hakuna anayejua, na familia haitasema kwamba alisikia. Alifariki saa kumi na dakika ishirini alasiri ya siku hiyo, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo kama ilivyo desturi yetu alihifadhiwa katika nyumba ya mawe ya makaburini mpaka leo, Jumamosi, tarehe 12 Mei 2018. Katika miezi hiyo dhoruba zilikuja saba. Nyua zote ishirini na mbili zilisafishwa na Onésime.

Ludger ameacha mke wake Géraldine. Binti yake Lorette na mume wake Armand. Wajukuu wawili, Mireille na Joël. Na shemeji zake wa ukoo wa Daigle. Ameacha pia ndugu yake Onésime, ambaye hana ndugu mwingine.

Familia inatamka, kama alivyoagiza, kwamba lori halikuwa na kosa. Ludger, aliyekuwa mzito wa kusema, leo amesemewa. Alale sasa, moyo wake umetulia.