Mawe Ndani ya Begi la Baba Kulwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango ili muwahi sokoni, sitawachelewesha.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kulwa, nauza mchele hapa Kahama. Mwaka jana hamkuniona kanisani karibu miezi mitatu, na mlisema mengi. Wapo waliosema nimerudi nyuma. Wapo waliosema tumekwenda kwa mganga. Hapana. Nilikuwa na mume wangu, begi mgongoni, tunazunguka kisiwa kwa miguu.

Niwaambie tulikotoka. Nimeolewa miaka ishirini na mbili, na mingi kati ya hiyo nimelala peke yangu. Dhahabu ikisikika Geita, Baba Kulwa yuko Geita. Ikisikika rashi, watu wanakimbilia dhahabu kwingine, anahamia huko kabla sijafua nguo alizorudi nazo. Mapacha wetu niliwazaa yeye akiwa ndani ya duara, shimo la wachimbaji, anachimba. Sikumchukia, ndugu zangu. Ila nilichoka kuwa mjane wa mtu aliye hai.

Mwaka jana duara lao likaporomoka. Mungu ni mwema, wote walikuwa juu wanakula. Akarudi nyumbani akasema, "Mama Kulwa, nimeacha. Gete, kweli nimeacha." Alikwisha kuacha mara tano kabla ya hapo. Lakini safari hii akaongeza neno: twende kisiwani, Ziwa Viktoria, alikozaliwa mama yake. Aliniahidi kunipeleka huko tangu uchumba. Tutembee kijiji hadi kijiji mpaka tuchoke wenyewe. Kulwa, binti yetu aliye nesi, akatununulia mabegi mawili ya mtumba, akatufungia na dawa za malaria.

Kisiwa kile ni kizuri, nisiwadanganye. Njia zinapita chini ya miti mirefu, ukitokeza unaliona ziwa, ukiingia tena unasikia tumbili tu. Tulilala kwa waumini na kwa wasio waumini. Tulisaidia kuanika dagaa na kumenya mihogo, tukala sato mpaka nikanenepa huku natembea. Watu walituita wazungu weusi. Kila jioni tulipika pamoja na kuongea. Nilikuja kujua kwamba mume wangu anaogopa radi, kitu ambacho mama mkwe alikijua na mimi sikukijua.

Sasa, mwezi wa pili wa safari nikaona anachelewa nyuma. Kila mara anaaga ana haja, anakwenda kuchimba dawa porini, na akirudi anahema. Siku moja alipokuwa anaoga ziwani nikafungua begi lake kutafuta sabuni. Ndani ya mashati nikakuta mawe. Meupe, yana mistari ya kutu. Mke wa mchimbaji hahitaji kuambiwa kuwa mawe hayo ni dalili ya dhahabu. Na jana yake nilimsikia akimuuliza mvuvi mmoja, kile kilima ni cha nani?

Nikajua. Nitarudi Kahama peke yangu, yeye atabaki pale afungue duara jipya.

Nilifunga begi, nikanyamaza siku tatu. Msidhani nilinyamaza kwa utakatifu, ndugu zangu. Nilinyamaza kwa hasira. Niliomba mawe yale yawe takataka.

Siku ya nne homa ikaniangusha. Tulikuwa ufukweni, kwenye kambi ambayo wavuvi walikwisha kuihama, kibanda kimoja na mchanga. Mvua inakuja. Dawa ile haimezwi bila chakula, na unga tulikuwa nao, sufuria tulikuwa nayo, kuni zipo. Mafiga hakuna. Baba Kulwa alizunguka pale, hakuna hata jiwe la kumfukuzia kunguru.

Akarudi akakaa mbele ya begi lake. Alikaa sana. Mimi nimelala namtazama, natetemeka, namwambia Mungu neno moja tu: sasa.

Akafungua begi. Akatoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akayapanga, akawasha moto.

"Nilikuwa nitakwambia," akasema.

"Niliyaona."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia Mungu. Wewe ulikuwa husikii."

Akakoroga uji. Miaka ishirini na mbili, ndugu zangu, na huo ndio uji wa kwanza mkono wake kunipikia. Ulikuwa na madonge kama kokoto. Wakati anaepua, jiwe moja likapasuka kwa moto, paa! Mchimbaji yeyote hapa ndani anajua: jiwe likipasuka, mtu huinama kuangalia ndani, hata awe anaugua. Nikamkazia macho. Hakuinama. Alikuwa anapuliza uji wangu upoe.

Pale ndipo Bwana alipomfungua mume wangu, na mimi akanifungua hasira yangu. Nililia, yeye akafikiri homa imezidi.

Asubuhi tukapata mtumbwi mpaka zahanati. Mawe tukayaacha palepale, wavuvi wakirudi wapikie. Nilipopona tulitembea wiki tatu nyingine, begi lake jepesi mgongoni, langu kalibeba kifuani. Najua wapo watakaonifuata nje kuniuliza ni ufukwe upi. Msijisumbue. Kama yalikuwa na dhahabu, sisi hatujui.

Namshukuru Mungu, na ninyi mnaomngoja mtu miaka mingi, mngojeeni kwa Bwana. Hachelewi, ila hatembei kwa mwendo wetu. Baba Kulwa ni yule pale, safu ya tatu, anayeangalia chini kwa aibu. Leo asubuhi kabla hatujaja huku alipika uji. Bado una madonge. Nimeunywa wote.