Nyumba ya Mwalimu Khole Haijachorwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Marhoon bin Yaarub, msimamizi wa wakfu wa sabla hii, ukumbi wa mikutano wa mtaa wetu. Wazee wetu wa safu ya mbele. Wazazi na majirani wa Al Khoudh. Na nyinyi watoto mlioambiwa mtulie na kweli mkatulia: assalaam alaykum.

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, sisi ni wanafunzi wa darasa la kuchora la Alhamisi, wa zamani na wa sasa. Tunakushukuru kwa kuja kutazama maonyesho yetu. Tunajua kwamba barua tuliyoipokea wiki mbili zilizopita ina saini yako. Tunajua pia kwamba ungeweza kumaliza jambo hili kwa simu, na badala yake umekuja mwenyewe. Tumelichukua hilo kuwa ni heshima, nasi tutairudisha kwa kuyasema mambo yalivyo, bila ya kuyapamba.

Barua inasema mambo mawili. La kwanza, ruhusa ya kutumia chumba cha nyuma cha sabla alipewa Mwalimu Khole bint Awadh. Mwalimu amefariki, kwa hiyo ruhusa imekwisha. Chumba kitawekwa mazulia na masahani ya harusi na matanga, na funguo zirudishwe keshokutwa, Jumatano. La pili, michoro yetu ina makosa mengi, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa kumbukumbu za wazee.

Tutayajibu yote mawili. Kwanza tueleze darasa lenyewe lilikuwa la namna gani.

HISTORIA YA DARASA

Mwalimu Khole alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Kajificheni, mwaka 1950. Alifika Maskati akiwa na miaka ishirini na mbili, akafundisha kuchora katika skuli za wasichana hadi alipostaafu. Oktoba 2003 alifungua chumba cha nyuma cha sabla hii akiwa na watoto saba, meza nne na kiti kimoja chenye mikono.

Kiti hicho hakukikalia yeye. Kila Alhamisi saa kumi alialikwa mzee mmoja, wa Unguja, wa Pemba, wa Tabora au wa Bujumbura, akaketi na kueleza nyumba aliyokulia. Kueleza tu: hakuruhusiwa kushika kalamu wala kuonyesha picha. Watoto walisikiliza robo saa nzima mikono ikiwa mapajani, kisha wakachora. Walipomaliza, mzee alipita meza kwa meza akisahihisha. Raba haikuingia darasani. Kosa lilibaki pale lilipo, na sahihisho la mzee liliandikwa nyuma ya karatasi, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jina lake na tarehe.

Tunaomba kumtaja mmoja wetu, Ghadeer bint Samir, kwa sababu yaliyompata yeye yalitupata wengi. Ghadeer aliingia darasani mwaka 2007, mtoto wa miaka kumi, mbishi, aliyeletwa kwa kuwa mama yake alichoka kumkuta mbele ya televisheni. Alhamisi moja aliyekaa kwenye kiti alikuwa bibi yake mwenyewe. Akaeleza nyumba yao ya Malindi: ngazi mkono wa kushoto, kisima uani, madirisha matatu ya kutazama bandarini. Ghadeer alivichora vyote. Halafu nyuma ya nyumba akachora mlima, mkubwa, mkavu, wenye mikunjo, kama huo unaoonekana tukifungua mlango huu.

Bibi alipofika mezani kwake aliivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mjukuu wangu, mlima huu umeununua duka gani? Unguja ukipanda juu ya kigoda unaiona Pemba."

Darasa zima likacheka. Ghadeer aliona haya hadi masikioni, akalowesha kidole kwa mate ili aufute mlima wake. Mwalimu Khole akamshika mkono.

"Nyumba kakupa bibi yako," akamwambia. "Mlima umetoka nao kwenu. Geuza karatasi, andika kwamba Unguja hakuna mlima, kisha uwache hapo hapo."

Ghadeer akageuza, akaandika. Bibi akasimama nyuma yake kuhakikisha kwamba kigoda nacho kimeandikwa.

TULIYOYAPATA

Mgeni rasmi, katika miaka ishirini na moja ya Mwalimu Khole, wazee arubaini na mmoja walikaa kwenye kiti kile, wengi wao mara nyingi. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili walipita mikononi mwake. Michoro iliyohifadhiwa ni mia sita na saba.

Hatudai kwamba darasa limetoa wachoraji mashuhuri. Waliofanya sanaa kuwa kazi yao ni wanne. Waliobaki ni wahandisi, walimu, wafanyabiashara, mama wa nyumbani, na mmoja ni rubani ambaye kwa kuchora hakuwahi kumpita mtu yeyote. Lakini tulifunzwa kunyamaza robo saa mbele ya mtu anayesema, na tumegundua kwamba kazini ujuzi huo ni adimu kuliko tulivyodhani. Ghadeer sasa anapiga picha za eksirei hospitalini. Kabla hajawasha mashine humwacha mgonjwa aeleze maumivu yake, yanaanzia wapi na yanaishia wapi, naye mikono iko mapajani. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba yeye picha anazipiga kwa masikio. Siku hizi wakishindwa kumwelewa mgonjwa mzee, humwita yeye.

Mwaka 2016 Ghadeer alikwenda Unguja na mchoro wake ndani ya bomba la karatasi. Bibi yake alikuwa ameshafariki. Aliuliza Malindi siku mbili, akaipata nyumba. Juu imekuwa nyumba ya wageni, chini duka la viungo. Ngazi ziko mkono wa kushoto. Kisima kimefunikwa kwa saruji. Madirisha ya kutazama bandarini si matatu, ni manne; ama bibi alisahau moja, ama lilitobolewa baadaye.

Aliporudi alimweleza Mwalimu yote hayo kwa mpangilio, kama tulivyofunzwa. Mwisho akakiri kwamba alisimama barabarani, akanyanyua macho juu ya paa, akautafuta mlima.

Mwalimu Khole hakucheka.

"Mimi nipo hapa mwaka wa arubaini na nne," alisema, "na kila n'kitoka nje nnautafuta mnazi wa uani kwetu."

Kisha akamuuliza kama dirisha la nne ameshaliandika nyuma ya karatasi. Ghadeer alikuwa hajaandika. Akaletewa kalamu.

MATATIZO YETU

Mgeni rasmi, barua yako inasema michoro ina makosa. Ni kweli, na tumeyahesabu. Michoro mia moja na kumi na minane ina mlima mahali pasipo na mlima. Mtoto wa Maskati hajapata kuona upeo usio na jabali. Akiachiwa nafasi tupu nyuma ya nyumba, mkono wake unaijaza. Kosa hili hawezi kulifanya mtoto wa Unguja, wala wa Tabora.

Lakini kamati yako ya wakfu iliitazama michoro upande mmoja tu, na hapo wa kulaumiwa ni sisi. Tuliitia ndani ya fremu za kioo ili ipendeze, tukaificha migongo yake. Asubuhi ya leo tumetoa vioo vyote. Tunakuomba, ukipita, ugeuze karatasi yoyote utakayoichagua. Ukigeuza ile yenye duka la babake Mzee Humam huko Tabora, ambalo mtoto mmoja alilitia vyuma vinene dirishani, utakuta Mzee Humam amelalamika kwamba duka la babake limefanywa jela. Chini ya malalamiko hayo kuna ukurasa mzima na nusu: vyuma vile vilikuwaje hasa, fundi aliyevifua aliitwa nani, alitoka kijiji gani, na kwa nini mwaka mmoja alivifua mara mbili. Mzee Humam yupo hapa leo, na bado analalamika. Habari za fundi yule hatujui pahala pengine zilipoandikwa. Zimeandikwa kwa sababu mtoto alikosea.

Tatizo la pili ni muda. Katika wazee arubaini na mmoja waliokaa kwenye kiti, waliobaki hai ni sita. Wawili kati yao hawasemi tena.

Tatizo la tatu linamhusu Mwalimu mwenyewe. Yeye hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Ghadeer alimwomba mara tatu. Mara ya kwanza alisema wazee wakubwa zaidi yake hawajamalizika. Mara ya pili alisema, "Zamu yangu bado, mwanangu." Mara ya tatu ilikuwa Januari mwaka huu; alikuwa ameanza kuchoka, na alikubali. Ikapangwa Alhamisi ya pili ya Februari. Ghadeer alibadilishana zamu hospitalini, akanunua karatasi mpya, akakipangusa kiti. Mwalimu alifariki Jumanne ya wiki ile.

Matanga yalipokwisha tulikaa siku nne tukaipitia michoro yote mia sita na saba, mbele na nyuma. Tulidhani huenda siku moja mzee aliyealikwa hakufika, Mwalimu akajaza nafasi kwa kumweleza mtoto mmoja nyumba yake. Tuliukuta mwandiko wake mara nyingi, akisahihisha tahajia zetu. Nyumba yake haimo. Mtaa tunaujua, na tunajua kwamba uani palikuwa na mnazi. Zaidi ya hayo hatuna.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, tangu Februari darasa linaendeshwa na Ghadeer kila Alhamisi baada ya zamu yake. Lina watoto thelathini na wanne. Tunaomba ruhusa ya chumba iandikwe kwa jina la darasa, ili isife tena na mtu. Mazulia na masahani tuko tayari kuyapangia rafu ukutani kwa mikono yetu. Tumepima, yanaenea, na vipimo viko kwenye bahasha utakayokabidhiwa.

Kama jambo hilo linahitaji kikao cha kamati, na tunaelewa kwamba vikao havipangwi kwa siku moja, basi tunaomba Alhamisi hii tu.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita, kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, Ghadeer alimpata Bi Sayyida bint Thabit, anayekaa kwa mwanawe mtaa wa Mawaleh, hapa hapa Maskati. Bi Sayyida ana miaka themanini na tisa. Alikuwa jirani wa akina Mwalimu Kajificheni, mlango kwa mlango, na Mwalimu alipokuwa mchanga yeye ndiye aliyekuwa akimbeba. Hatujasikia kwamba yupo mtu mwengine aliye hai aliyeingia ndani ya nyumba ile. Zipo siku Bi Sayyida humwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Zipo siku anakumbuka rangi ya mlango na idadi ya vidato vya ngazi. Siku za namna hii ya pili zimepungua.

Tulimwambia tutamfuata kwake ili asisumbuke. Alikataa. Tunayanukuu maneno yake kama yalivyoandikwa siku ile:

"Khole kwangu hakusomesha. Nipelekeni kwenye kiti chake. Na hao watoto wawepo, maana nnataka kuiona nyumba, siyo kuisema tu. N'taijuaje kama sijakosea, kama hapana wa kuichora?"

Ameshachagua siku: Alhamisi hii, saa kumi. Mwanawe ameshaomba ruhusa kazini, gari ya kumleta ipo, na watoto wameshachonga kalamu. Barua yako inataka funguo Jumatano.

Mheshimiwa, tukitoka hapa Ghadeer atampigia simu mwanawe Bi Sayyida, kama alivyomwahidi, kumwambia amlete mama yake wapi. Tunakuomba utupe jibu la kumwambia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu wetu na ampe nyumba iliyo bora kuliko alizotuchoresha. Awaweke wazee wetu sita, na wa saba tuliyempata. Nawe akujaalie wepesi katika kuamua, na akulipe kheri kwa safari uliyoifunga hadi kwetu.

Ni sisi,
Darasa la Kuchora la Alhamisi,
chumba cha nyuma, Sabla ya Mtaa,
Al Khoudh, Maskati.