Betri Chini ya Kitanda

Wazee wetu, akina mama, vijana, chamgei, hamjambo. Bwana asifiwe.

Kabla sijasimama hapa mwenyekiti alinivuta kando akaniomba jambo. Aliniambia nitoe ushuhuda lakini nisitaje mtu. Mwenyekiti namheshimu, lakini hilo sitaliweza. Mnaponitazama usoni mnaona jicho langu la kushoto lilivyo jeupe kama maziwa. Jicho halikuharibika lenyewe. Kwa hivyo nitataja watu, wawili tu, na mmoja ameketi pale nyuma karibu na mlango. Naomba asitoke.

Nimeomba nafasi leo kwa sababu kikundi chetu kinataka kuwanunulia wanachama sola, na jina la fundi wa kuzifunga limeshapendekezwa. Nyinyi mtalala na hivyo vitu ndani ya nyumba zenu, pamoja na watoto. Sikieni kwanza yaliyonipata mimi, halafu mchague mnavyotaka.

Mimi shule nilifika darasa la tatu. Nilifanya kazi kampuni ya chai, upande wa Kericho, kwenye kiwanda pale majani chai yanapokaushwa. Walipopunguza watu, jina langu likasomwa. Mliowahi kukaa kambi za kampuni mnajua, kazi ikiisha na nyumba imeisha. Rael, mke wangu, alikuwa bado na sufuria motoni wakati askari alipokuja kuulizia ufunguo. Huku nyumbani Merigi sehemu yangu ya shamba ilikuwa majani ya chai matupu, nyumba sikuwa nimejenga. Najua mtauliza kwa nini. Ni hivyo tu.

Yale malipo ya mwisho nikayanunulia gari, Kombi. Ilikuwa imelala kwenye gereji moja ya Kericho, iliachwa na wazungu waliokuwa wakizunguka nayo Afrika mpaka injini ikawakatalia. Ndani ilikuwa na kitanda, kabati, na kasinki kadogo. Nilipofika nayo hapa watu walicheka. Mjomba wangu aliizunguka, akagonga bati kwa fimbo, akaniuliza mahari nimelipa kwa nani, maana anaona nimeoa nyumba yenye magurudumu. Rael hakucheka. Aliweka mapazia.

Sasa sikieni mpango wangu ulivyokuwa, kwa sababu haukuwa mpango mbaya. Mkulima akipeleka majani senta, pale yanapopimwa, anangoja lori. Na lori ya majani haina saa. Mtu anakaa pale na kikapu chake, anapiga domo, anaangalia barabara. Nikasema, vichwa vyote hivi vimekaa bure. Nikatafuta mashine ya kunyolea, kiti, kioo, nikawa kinyozi wa senta. Leo niko hapa, kesho niko senta ya kule juu, kufuatana na siku za kuchuma. Tunalala humo humo garini. Mashine ilitumia betri kubwa ya gari niliyoiweka chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao, kwa sababu nje ingeibwa. Lakini kuijaza betri kwa kuwasha injini ni kumnywesha ng'ombe petroli. Ndipo nikafikiria sola.

Nikaenda kwa Wesley. Huyo ndiye wa kwanza. Wesley ana duka la redio na sola pale Kericho, wengi wenu mmenunua kwake. Nikamwambia shida yangu: huku kwetu jua ni la asubuhi, mchana mawingu, halafu mvua. Sola moja haitatosha, nataka mbili, na nitaziinamisha zitazame mashariki zipate jua la asubuhi. Wesley akanisifu. Akasema ni wachache wanaofikiri hivyo. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akikusifu ukiwa na pesa mfukoni, shika mfuko.

Kuna kitu kinaitwa kontrola. Ni kijisanduku kidogo kina taa. Unakiweka katikati ya sola na betri. Betri ikishiba, kinafunga mlango, jua lisiendelee kuisukuma. Mimi wakati huo nilikuwa nimekisikia tu. Nikamuuliza Wesley, mbona sioni ile ya kufunga? Akacheka kidogo, akasema ile ni ya watu wa Lodwar ambako jua linaua mbuzi. Huku Kericho na Bomet jua letu halina nguvu ya kuchoma betri. Ningeharibu pesa.

Niliyekuwa naye dukani ni shemeji yangu Joel, mume wa dada yangu Leah. Huyo ndiye wa pili. Joel amesomea stima, sote tunajua. Nilimchukua makusudi ili asinidanganye mtu. Nikamgeukia nikamuuliza, shemeji, ni kweli? Joel akasema, "Wesley amesema ukweli. Kwa hali ya hewa ya huku, kontrola ni mapambo."

Nikaamini. Nani asingeamini? Kila mmoja wetu hapa anajua mvua yetu. Joel akaja kufunga, akapanda juu ya Kombi, akavuta waya mbili kutoka kwa sola moja kwa moja mpaka kwenye betri chini ya kitanda. Rael alimchinjia kuku.

Miezi ya mvua mambo yalikuwa mazuri. Asubuhi sola zinalisha betri, mchana nanyoa, jioni tuna taa na redio. Betri ilikuwa inaliwa kama ilivyojazwa. Nilijiona mwerevu.

Halafu ikaja Januari. Mnakumbuka Januari ya mwaka juzi, jua lilivyowaka mpaka majani yakakauka ncha. Sasa fikirieni pamoja nami, kwa sababu mimi sikufikiria. Jua likiwaka hivyo, chai haichipui. Chai isipochipua, hakuna kuchuma. Pasipo kuchuma, senta ni tupu. Senta ikiwa tupu, kinyozi ananyoa nani? Mashine yangu ilikaa ndani ya kabati. Betri hakuna aliyeitumia. Na sola zangu mbili juu ya gari zilikuwa zinasukuma tangu asubuhi mpaka jioni bila wingu hata moja. Mimi nilikuwa nalisogeza gari likae juani vizuri, nikifikiri naweka akiba.

Rael ndiye aliyeanza. Alisema kuna kitu kinanuka, kama yai bovu. Nikasema ni panya amekufa. Tukatoa kila kitu, hakuna panya. Tukirudi kulala, harufu iko. Kichwa kikawa kinamuuma kila akiamka, na kikohozi kikavu hakimwachi. Usiku wa huku mnajua baridi yake, madirisha tulikuwa tunafunga kabisa na nguo tunaziba matundu. Tulikuwa tunajifungia pamoja na kitu ambacho hatukukijua.

Nikafungua lile sanduku. Betri ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka jikoni. Ubavu wake umevimba. Ukitega sikio unasikia inanong'ona ndani, sss, sss. Maji yake yameshuka. Nikaongeza maji, baada ya muda mfupi yameshuka tena. Tangu hapo usingizi ulinihama. Nilikuwa nalala mkono umening'inia kando ya kitanda, nagusa sanduku, nasikiliza joto lake kama unavyomgusa mtoto mwenye malaria. Rael ananiuliza, imepoa? Nasema imepoa. Haikuwa imepoa. Nilitaka kuzing'oa zile waya lakini niliogopa. Sikujua ipi ikiguswa inafanya nini, na aliyezifunga alikuwa msomi.

Nikamfuata Joel kwake. Nilimkuta amekaa nje, hakunikaribisha ndani, tukaongelea uani. Wakati huo sikulitilia maanani. Nikamweleza joto, uvimbe, harufu, mke wangu anaumwa kichwa. Nikamuuliza kama tuweke ile kontrola. Aliangalia chini. Halafu akaniambia, "Betri ikichemka maana yake imeshiba, shemeji. Wewe furahi."

Nikarudi kwa miguu nikijilazimisha kufurahi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mzee mmoja alikuwa na harusi ya mwanawe, akataka kunyolewa. Rael alikuwa ameketi kitandani anavua viatu. Nikainama, nikafungua sanduku, nikashika vile vibanio vya waya za mashine. Kibanio kilipogusa betri kikatoa cheche, kama kawaida yake. Lakini mle ndani hewa haikuwa ya kawaida. Ile harufu, nimekuja kuelezwa baadaye, ilikuwa na mwenzake asiyenuka, na huyo mwenzake akikutana na cheche analipuka.

Sikusikia mlio. Nakumbuka tu uso wangu uliwaka na dunia ikawa nyeupe. Mfuniko wa betri ulipita kando ya goti la Rael ukatoboa kabati. Angekuwa amelala kama alivyozoea kulala saa hizo kwa sababu ya kichwa, leo ningekuwa natoa ushuhuda mwingine.

Asidi iliniingia macho yote mawili. Nilitoka nikijikwaa, nikataka kujipangusa kwa shati. Hapo ndipo Mungu alipomweka Mama Chebet, yule anayeuza maziwa pale senta. Wakati huo maji yalikuwa ya shida, yeye alikuwa ametoka mtoni na mitungi yake ya kuoshea mikebe. Alinishika kichwa kwa nguvu kama ndama anayepewa dawa, akanilaza, akaanza kunimwagia maji machoni. Nilimpiga mateke. Nilimtukana, mnisamehe. Wanaume wakamwambia inatosha. Aliwajibu, "Inatosha kwa nani? Leteni maji mengine." Akamwaga mpaka lori lilipopatikana la kunipeleka hospitali.

Daktari alisema jicho la kulia limeokolewa na yale maji. La kushoto lilikuwa limeshakwenda.

Nikalala hospitali macho yote yamefungwa bandeji, sijui nikifunguliwa nitaona nini. Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa garini. Nilikuwa nawaza, nikitoka kipofu, Rael atakaa wapi? Nyumba yenyewe imetobolewa.

Siku moja nikasikia mtu ameketi kando ya kitanda, haongei. Nikajua kwa kupumua kwake ni dada yangu Leah. Akanishika mkono, akaweka kitu juu ya kiganja changu. Kijisanduku kidogo, kina vishimo vya skrubu pembeni na vipande vya waya. Nikauliza ni nini. Leah akasema, "Ni yako. Ilikuwa ukutani kwangu."

Ndugu zangu, tulieni kidogo. Niacheni nimalize.

Zile sola zilikuja kwenye boksi moja na kontrola yake. Mimi nililipia vyote. Wesley aliitoa akampa Joel, na Joel akawa anampelekea Wesley nyuki wengi, yaani wateja, apate asali. Ndio yalikuwa maelewano yao, nimekuja kuyajua baadaye. Joel akaifunga sebuleni kwake, ikilinda betri ya televisheni. Ndiyo sababu hakunikaribisha ndani siku ile. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka ukutani.

Leah hakujua ni ya nani mpaka alipomsikia Joel akimwambia mtu kwamba laiti ningekuwa na kontrola, nisingeumia. Akamuuliza, hii yetu ulinunua lini? Joel akatoka nje. Dada yangu alichukua kisu cha jikoni akafungua skrubu mwenyewe, akaacha nyumba yake gizani, akaja nayo hospitali Kericho ndani ya kikapu. Huyo ni mume wake. Hakuona haya kuniletea. Mimi ndipo nilipolia, na daktari alikuwa ameniambia nisilie.

Nikafunguliwa bandeji, jicho la kulia likaona. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kijisanduku juu ya meza.

Siku hizi nanyoa tena. Betri nyingine iko nje ya gari, ndani ya kasha la chuma lenye matundu na kufuli, inapumua hewa ya Mungu. Kontrola ni ile ile. Nimeileta, mwenyekiti, ipitishe watu waishike. Siku za Januari nikiona taa inaonyesha betri imeshiba na mlango umefungwa, nalala. Rael hakohoi tena.

Sasa shukrani. Mama Chebet, ulikataa nisikushukuru mbele za watu, leo umekamatwa. Nakushukuru. Vijana wa senta mlioziba Kombi yangu bati, asanteni. Leah hakuweza kuja leo, na nyote mnaelewa kwa nini. Rael, umekaa na mimi kwenye nyumba ya magurudumu, umekaa na mimi gizani. Sina neno kubwa la kutosha.

Na funzo ni hili. Mkinunua sola, fungueni boksi wenyewe, pale pale dukani, mbele ya muuzaji. Kontrola iwe na uwezo wa sola zako zote, si moja tu. Betri isilale chumba kimoja na mtu. Na yeyote akiwaambia jua letu halina nguvu, mwonyesheni uso wangu.

Watu wamenishauri nisamehe. Nimejaribu. Naweza kukaa kanisa moja na Joel, chai naweza kunywa naye. Lakini hajawahi kusema. Tangu siku ile mpaka leo hajafungua mdomo wake akasema kile kijisanduku kilikuwa wapi. Amesema pole, kama vile alinikuta nimeanguka njiani. Sikatai apewe kazi ya kikundi. Anaijua, kuliko sisi wote. Ila mtu atakayefunga waya chini ya vitanda vyenu aseme kwanza mbele yenu.

Shemeji Joel, kontrola imekufikia hapo mlangoni, naona umeishika. Wazee wanakusikiliza. Simama uwaambie ilikuwa wapi.

Mimi naketi.