Bowa ya Mama Mwanvua

Pale kona ya barabara iendayo stesheni ya Kolwezi kuna benchi refu la mbao, na nyuma yake kichaka kinacholitia kivuli. Hapo ndipo Mama Mwanvua anapouza kahawa, na hapo ndipo kila uongo wa mtaa huoshwa uso kabla ya kwenda mjini. Lakini wiki hii Mwanvua hakuwa na raha. Matawi makavu ya kichaka yalikuwa yameota vidoa vyeusi, vidogo kama vumbi la makaa, na benchi lilikuwa limeshatoa hukumu: sumu. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mkuu wa mtaa naye akaahidi kutuma mtu leo aje kufyeka kichaka kizima. Bila kivuli hakuna benchi, na bila benchi Mwanvua atamuuzia nani kahawa? Moyo wake ulikuwa juu juu.

— Mi nasema tena, ni acide, asidi ya mine, alisema mzee Kazadi, aliyefanya kazi mgodini mpaka wakamwita Cathode, jina la bamba la shaba. Inatoka ku mine, inapanda mu mizizi, inatokea ku matawi. Mi nilikuwa ku usine, ku kiwanda yenyewe, weye hauwezi kunifundisha.

— Acide gani? aliruka Masudi, dereva wa lori, ambaye kijiweni huitwa Dilolo kwa sababu habari zake zote hutokea mji huo wa mpakani. Ile ni bugonjwa ya Angola, inakuya na train. Kule Dilolo nilionaka muti ya madoa vile vile. Kesho yake mbuzi ya douanier, mutu wa forodha, ikaanza kucheka.

— Mbuzi kucheka? aliuliza Cathode.

— Meno yote inje!

Cathode hakuwa tayari kushindwa na mbuzi.

— Basi mi nabaambia kweli yenyewe. Ile ni cobalt, madini ya bei, inaota. Tungoje mvua, tutavuna.

— Jana sumu, leo mali! alifoka Mwanvua. Muchague moja, batata, bazee bangu! Munanifukuzia bantu!

Hapo akatokea Fidélie, binti wa jirani anayesoma mambo ya mimea chuo kikuu. Ndiye aliyechukua kitawi kimoja akakipeleka maabara. Alikuja mbio, anacheka peke yake.

— Mama, nimepata! Ni bowa!

Benchi zima likageukia kichaka. Huku bowa ni uyoga wa kitoweo, ule unaouzwa kwa beseni mvua zikianza. Cathode akameza mate.

— Inapikiwaka na karanga ao na mafuta?

— Tata Kazadi, hii haiko ya sufuria! Iko kadogo sana, ni na microscope tu njo unaiona muzuri. Nilikata kadoa kamoja. Ndani kuko mifuko, na mu kila mufuko mbegu za brun, rangi ya kahawa, kila moja imegawanyika byumba-byumba. Nilipekua bitabu mpaka macho ikauma. Professeur akaangalia, akasema njo yenyewe.

— Na sumu? aliuliza Mwanvua.

— Hakuna sumu, mama. Inakulaka tu tawi yenye ilishakufa. Haina shida na muti muzima, haina maneno na kahawa yako.

Mwanvua alipiga kigelegele mpaka pikipiki zikasimama. Alimkumbatia Fidélie, akamzungusha, akalia kwa furaha bila kujificha. Waliokuwa wakipita upande wa pili wakavuka kuja kuona, na Dilolo tayari alikuwa akiwaeleza kwamba yeye alijua toka mwanzo, hata yule mbuzi alikuwa akicheka kuleta heri.

Ndipo akafika Modeste, panga begani, ametumwa na mkuu wa mtaa.

— Jambo yenu. Ni hii muti yenye sumu?

— Hakuna sumu! lilijibu benchi zima kwa sauti moja.

Modeste akashusha panga, akawatazama mmoja mmoja.

— Alors, basi, ni nani alisemaka sumu iko?

Cathode akainamia kikombe kilichokwisha. Dilolo akakumbuka kwamba lori lake halijakaguliwa matairi. Mwanvua, ambaye angeweza kuwataja wote kwa majina yao na ya mama zao, alimtengea Modeste nafasi kivulini, akammiminia kahawa.

— Ikala hapa, tata, alisema. Hata mi nangoja banijibu.