Bi Fenna Oosterhof na Nafasi za Buluu Mbele ya Lango

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, Bi Fenna Oosterhof atavua kizibao chake cha njano na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusimamia maegesho ya bustani yetu ya michezo ya Wolkenveld. Asiyejua atasema hiyo ni kazi ya kuelekeza magari. Anayeujua mkoa wetu wa Drenthe atasema ni miaka thelathini na mmoja ya mvua inayonyesha kwa ubavu, na ya kusikiliza nusu ya madereva wa Uholanzi wakieleza kwamba wanaegesha dakika mbili tu.

Hizo dakika mbili ndizo zilizomjengea jina. Mbele ya lango kuu kuna nafasi zilizopakwa rangi ya buluu kwa ajili ya wageni wenye ulemavu. Ni pana, kwa sababu kiti cha magurudumu hakitolewi garini kwa kupenyezwa kama bahasha. Jumapili za kiangazi nafasi hizo hugeuka mahali pa maajabu: wanaume wenye afya ya farasi huziona ziko wazi na papo hapo hushikwa na maumivu ya mgongo. Bi Fenna amewaponya wengi. Husimama mbele ya gari, hupuliza filimbi mara moja, na mgonjwa hupata nafuu, akarudi nyuma na kwenda kuegesha kule mwisho kama binadamu wengine.

Aliwahi pia kukosea. Zamani kidogo, mwandishi wa makala haya alifika akiwa mgeni, akaegesha kwenye buluu, akashuka akitembea vizuri tu. Bi Fenna akamtolea hotuba iliyosikika foleni nzima ya tiketi. Mgeni akaonyesha kadi yake, kisha akapandisha suruali mpaka juu ya goti la plastiki. Bi Fenna akaisoma kadi mpaka mwisho. Halafu akaomba radhi kwa sauti ileile kubwa, ili foleni ileile isikie, akamnunulia viazi vya kukaanga na mayonezi. Tangu siku hiyo huangalia kadi, haangalii miguu. Mgeni naye aliomba kazi, na mpaka leo anaazimisha viti vya magurudumu hapo langoni, huku akisikiliza malalamiko ya Bi Fenna kuhusu kahawa yetu.

Lakini habari isiyochuja kwenye chumba cha chai ni ile ya uzinduzi wa treni mpya, inayowageuza watu vichwa chini na kuwatoza pesa kwa starehe hiyo. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Reinout Brandsma, alikuwa mtu wa mawazo, na safari hiyo alipata mawili. La kwanza, wageni wenye viti vya magurudumu wawe wa kwanza kupanda, kwa kuwa treni ina behewa lao na kwa kuwa wanapendeza kwenye picha. La pili, nafasi za buluu wapewe wafadhili kwa siku hiyo, kwa kuwa viatu vyao havipendi maji. Kwamba mawazo hayo mawili yangekutana asubuhi moja, hakuna aliyeling'amua katika vikao vyote vile.

Wenye viti vya magurudumu wakapangiwa uwanja wa nyuma ya uzio wa miti, uliokuwa umemwagwa kokoto nyeupe, za mviringo, zilizochaguliwa na mtaalamu wa mandhari. Bi Fenna alimweleza mkurugenzi kwamba magurudumu yatazama. Akajibiwa kwamba kokoto zina mvuto wa asili.

Asubuhi ya uzinduzi mvua haikutuangusha. Likaja gari la kituo cha tiba ya viungo, na wa kwanza kuteremshwa akawa Mzee Wobbe Idsinga, fundi wa kuchomelea meli ambaye hakuwa ametembea tangu alipoanguka kazini. Mkewe, Jeltje, alimsukuma kidogo tu, magurudumu ya mbele yakazama. Jeltje akavuta, dereva akasukuma, kiti kikapinduka, na Mzee Wobbe akalala kifudifudi juu ya ule mvuto wa asili. Bi Fenna na mwandishi walikimbia, kila mmoja kwa mwendo aliojaliwa, wakamwinua na kumfuta damu puani.

"Dada," mzee akamwambia Bi Fenna, "mimi nilialikwa kupanda treni. Hili la kulima hakuna aliyenitajia."

Tulicheka, kwa sababu alitaka tucheke. Kisha akamgeukia mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba warudi nyumbani, na kwamba mtu yeyote asimwombe tena kutoka. Bi Fenna, aliyekuwa ametukanwa miaka yote ile bila kupepesa jicho, akabadilika rangi.

Akaamuru wote warudi garini. Akafungua lango la magari ya mizigo, akatangulia mbele kwa miguu akipuliza filimbi, na gari likamfuata polepole kupitia mtaa wa vibanda vya viazi na chapati za sukari, watu wakipisha, mpaka kwenye uwanja wa sherehe. Hakulisimamisha pembeni. Alilisimamisha juu ya zulia jekundu, mkurugenzi akiwa katikati ya sentensi kuhusu ukarimu.

Bwana Brandsma akashuka jukwaani, akamnong'oneza kwamba gari hilo haliwezi kukaa pale.

"Ndivyo nilivyosema mimi kuhusu magari yaliyokaa kwenye nafasi za hawa," akajibu Bi Fenna, bila kunong'ona.

Mlango wa nyuma ukafunguka, ngazi ya umeme ikamshusha Mzee Wobbe kwenye zulia, pua imevimba, na wapiga picha wakafanya kazi yao. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mjinga, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba yote yalipangwa. Mzee akapanda treni. Jeltje alikataa katakata kupanda, akabaki chini amemshikia kofia.

Kwa mchango huo, uongozi ulimsimamisha Bi Fenna kazi. Picha ile ilipotoka gazetini na kusifiwa, uongozi uleule ukapokea tuzo ya kuwajali wageni. Tuzo ikapokelewa kwa unyenyekevu mkubwa na watu ambao hawakuwepo.

Mwandishi alimtembelea nyumbani siku zile. Alimkuta bustanini anang'oa vitunguu visivyokuwa tayari. Akakiri kwamba halali usingizi, kwamba kwa umri wake hakuna mahali pengine atakapoajiriwa, na kwamba akifumba macho anamwona mzee akifutwa damu huku anatafuta mzaha wa kuwafariji wengine. "Angetukana ningelala," alisema.

Uongozi ulimwita arudi mwanzoni mwa likizo kubwa, magari yalipojifunga fundo mpaka barabara kuu. Akajibu kwamba atakuja kokoto zikiondoka. Uongozi ukamkumbusha kwamba hayuko katika hali ya kuweka masharti, akakubali kwamba ni kweli, akakata simu. Malori ya kuzoa kokoto yalifika wiki hiyohiyo. Leo pale nyuma pana lami isiyo na mvuto wowote, na nafasi za buluu hazijaazimishwa tena kwa mtu yeyote.

Mwezi huu tulielezwa kwamba atarithiwa na kizuizi cha umeme chenye kamera. Kikajaribiwa. Kikalikaribisha gari la aiskrimu kwenye buluu, kikamfungia nje Mzee Wobbe na kadi yake mkononi. Basi Jumatatu anaanza kazi mtu.

Bi Fenna, wafanyakazi wenzako tunakushukuru. Sisi tunaohitaji nafasi pana tumezoea watu wema wanaotaka kutubeba. Wewe ulitusafishia njia tu, ukakaa pembeni, ukatuacha tuingie wenyewe. Tunakuombea magoti yasiyouma, vitunguu vinavyokomaa, na majirani wanaojua kuegesha.