Nilirudi Bila Nyambura

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu, aliyenivumilia mimi mwenye shingo ngumu. Mchungaji amenipa dakika kumi. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana ushuhuda huu hauna sifa yangu hata moja ndani yake.

Wengi wenu mnanijua kama Mama Nyambura. Mliniita hivyo miaka mingi kabla hamjamwona huyo Nyambura, na wengine mlidhani nilimzika. Sikumzika. Nilimwacha, kisha nikasema uongo juu yake.

Mimi na mume wangu Kamau tulipata green card, kadi ya kuishi Amerika, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, kupitia kazi yake kule Eden Prairie. Tulipanga nyumba hapa Brooklyn Park, nami nikaajiriwa kama nesi katika nyumba ya wazee kule Crystal. Ndugu zangu, nilijiona nimefika. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na gari, na kwenye mikutano ya akina mama nilizoea kufundisha, si kufundishwa.

Jikoni pale kazini alikuwepo dada mmoja Mtanzania, Mama Neema, yule ameketi karibu na dirisha. Baba yangu alipofariki kwetu Murang'a, nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikaomba ruhusa nikamzike. Mama Neema aliposikia, alitoka na aproni yake, akanivuta pembeni.

"Pole sana kwa msiba, dada. Ila nikuambie neno. Mtoto akiwahi kuzaliwa huko, usirudi bila yeye. Ninyi wenye kadi, mtoto aliyezaliwa mkiwa safarini anaingia na mama yake bila viza, mradi hajatimiza miaka miwili, na iwe mara ile ya kwanza mama anaporudi. Beba cheti chake cha kuzaliwa. Ukirudi peke yako, nafasi hiyo imekwisha."

Nikamwambia asante. Moyoni nikasema, tangu lini mpishi akawa wakili? Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, ndugu zangu. Sikumuuliza aliyajuaje, wala sikumwambia Kamau.

Tulimzika baba, na wiki ya pili uchungu ukanishika kabla ya siku zake. Nikajifungua msichana. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Basi mtoto akawa Nyambura, na mama mkwe wangu, Nyambura mkubwa, hakutaka kumweka chini.

Miezi miwili ikapita, kazini wakaniita. Mama mkwe akaniambia, "Niachie huyu wa jina langu. Bado ni mdogo, huko ni baridi, na ninyi mko kazini kutwa. Akianza kutembea mje mumchukue."

Ndugu zangu, tunajuana. Ni wangapi hapa tumewaacha watoto kwa nyanya zao ili tupige shifti mbili? Nililia, lakini nilikubali. Na nisiwadanganye tena, nilipokuwa nikilia niliona nafuu pia.

Nilipotua hapa, afisa wa uhamiaji aliitazama kadi yangu, akapiga muhuri, akanikaribisha nyumbani. Maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi chini ya koti. Nikapita. Hazikufika hata dakika mbili, na ndizo ninazozijutia kuliko zote.

Nyambura alipofikisha mwaka mmoja na miezi miwili, nilikwenda kumchukua. Pale kaunta ya ndege Nairobi nilikuwa nimemvalisha koti la baridi nililomnunulia huku, jasho linamtoka. Nilikuwa na cheti chake mkononi. Mama wa kaunta akaniuliza kwa upole, "Tangu huyu azaliwe, umeshawahi kurudi Amerika?"

"Ndiyo, nilirudi kazini."

"Basi, mama, hatuwezi kumpandisha bila viza. Ungekuja naye ile mara ya kwanza."

Nikaenda ubalozini, wakaniambia vilevile. Ombi lipelekwe na mzazi, kisha tungoje foleni, na foleni ni ya miaka. Nikamvua mtoto koti, nikamrudisha kwa nyanya yake.

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Kamau alikuwa ananisubiri uwanja wa ndege na kiti cha mtoto ndani ya gari. Akaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Ningesema ukweli, ningelazimika kusema pia kwamba nilionywa na mpishi nikamdharau. Kiburi kilinishinda. Nikamjibu, "Mama yako amekataa kumtoa."

Kamau aliamini. Aligombana na mama yake kwa simu, kisha akaacha kumpigia kabisa. Mwaka mzima, mwana hasemi na mama yake kwa sababu ya ulimi wangu. Mama mkwe alijua ni kule kwenye ndege mtoto alikokataliwa, lakini hakuwahi kunisema kwa mtu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeficha, hakuna ombi lililopelekwa. Mwaka huo tungekuwa tayari kwenye foleni. Mimi nilikaa nikimkwepa Mama Neema, napitia korido nyingine ili tusikutane.

Mungu alinipata katika korido hiyohiyo. Siku moja Mama Neema alinisubiri upande wa pili, akaniuliza tu, "Dada, mtoto hajambo?" Nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe, nikamweleza yote. Nilingoja aniambie kwamba alinionya. Badala yake alikaa chini kando yangu, akaomba, kisha akauliza, "Fomu mmeshapeleka?"

"Bado."

"Basi leo umwambie mumeo. Kesho tujaze."

Nilimwambia Kamau jioni ile, kabla hajavua viatu. Hakunipigia kelele. Alikwenda kwenye simu akampigia mama yake, na nilimsikia akilia. Uongo ulinitoka siku ile, ndugu zangu, na Bwana apewe sifa! Lakini matunda yake niliendelea kuyala. Tulingoja zaidi ya miaka mitatu. Kila baridi nilinunua koti kubwa zaidi kwa kukisia. Hatimaye Kamau akaapishwa kuwa raia wa Amerika, ombi likasogea, na viza ikatoka. Nyambura alikuwa na miaka mitano.

Nilikwenda kumchukua, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemleta uwanja wa ndege Nairobi. Nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu onyo lile, ningempakia siku ile ya kwanza." Kisha akambandua mtoto shingoni mwake, kidole kimoja kimoja, akanipa. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa amesimama na mikono mitupu. Mikono ile niliijua. Mungu alinisamehe, naye alinisamehe, lakini mtoto niliyemwachia kwa miezi michache nilimnyang'anya baada ya miaka mitano.

Nyambura yuko pale, mwenye koti jekundu. Kwetu alizoea kuonyeshwa picha yangu na kuambiwa, "Huyu ni Mama Nyambura." Mpaka leo ananiita hivyo, jina zima, kama mnavyoniita ninyi. Simrekebishi. Akiita, naitika, na namshukuru Mungu kwamba ananiita.

Ndugu yangu, kama kuna uongo umeulalia, mtegemee Yesu na uuseme leo, hata kama kutakugharimu heshima yako. Na wewe dada uliyeshika mimba na tiketi ya kwenda nyumbani, usiondoke kabla hujauliza. Mama Neema atakuwa pale mlangoni baada ya ibada. Ni mpishi. Msikilize.