Njia ya Dympna Bolger Kupitia Shamba la Con Brophy

14 Februari 1944 – 10 Machi 2023

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda mlima huu leo: wasifu huu ulipigwa chapa Jumamosi jioni, na mkifungua ukurasa wa nne mtakuta nafasi tupu. Msimlaumu mpiga chapa. Nafasi iliachwa makusudi, kwa sababu siku ile hakuna mtu, awe padri au mmoja wa ukoo wa Dowling, aliyejua marehemu angefikishwa hapa kwa njia gani. Na kwa Dympna Bolger, njia ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Februari 1944, katika nyumba ya mlinzi wa milango ya maji pale Tinnabrack, ukingoni mwa mto Barrow, kaunti ya Carlow. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Matt Dowling, aliyewafungulia na kuwafungia wenye mashua milango ile kwa miaka thelathini na minane, na Bi Hanora. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa. Mama yake, kwa kuogopa mfereji wa mashua uliopita mlangoni, alimfunga kamba kiunoni na ncha nyingine akaifunga kwenye mguu wa meza. Siku moja Bi Hanora alitoka kuanika nguo, na aliporudi aliikuta meza mlangoni.

Alisoma shule ya msingi ya Tinnabrack kuanzia mwaka 1949. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa nusu saa, lakini Dympna alitumia saa moja na dakika arobaini, maana mtoni kulikuwa na fisi-maji na vichakani kulikuwa na mambo mengine. Mwalimu alimchapa kwa kuchelewa, akachelewa zaidi kwa sababu sasa alitembea huku akiwaza jinsi ya kujitetea. Alimaliza mwaka 1958, akijua kusoma, kuhesabu, na jina la kila mwenye shamba kutoka mtoni hadi mlimani.

Jina mojawapo lilikuwa la Brophy. Wazee wenzetu mnakumbuka, na vijana mwelezwe: zamani watu wa mtoni walikwenda misa kwa kukatiza shamba la Brophy, hatua mia nne hivi, wakatokea hapa hapa kanisani. Mwaka 1956 barabara ilitiwa lami, na babake Con akaifunga njia ile. Tangu hapo sisi watu wa mtoni tunazunguka maili mbili na nusu kwenda kusali mahali tunapopaona tukiwa jikoni. Tena parokiani kwetu iko imani, na msiniambie haipo, kwamba jeneza likishapita mahali, mahali pale ni njia, wala hakuna binadamu awezaye kuifunga tena. Con Brophy aliiamini imani hiyo kuliko Nasaha za Baba Mtakatifu. Baba yake mwenyewe alipofariki, Con alimpeleka makaburini kwa barabara, akazungushwa maili zote zile, na kaburi lilionekana kutoka dirishani.

Marehemu aliajiriwa posta mwaka 1963, akapeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli hadi alipostaafu mwaka 2004. Kwa kuwa mpeleka barua hazuiliwi kufika mlangoni, alifurahi mno akidhani sasa atalikatiza shamba la Brophy kwa amri ya serikali. Con akang'oa sanduku lake la barua mlangoni, akalisimika barabarani, upande wa mbali kabisa. Miaka arobaini na moja alitembea mita mia nane kwenda kuchukua barua zake mwenyewe, mvua inyeshe isinyeshe. Dympna alikuwa akisema, "Masikini Con, nimempa mazoezi."

Alifunga ndoa na Christy Bolger, fundi wa injini kutoka mjini, Jumamosi tarehe 6 Juni 1970. Uchumba wao ulikuwa mgumu kwa upande wa miguu. Christy alikuja na gari lililong'arishwa amtoe mchumba matembezi, na mchumba akauliza, "Gari la nini, Christy? Tunatembea." Mara ya kwanza waliishia darajani. Mara ya pili walifika msituni. Mara ya tatu, wakiwa nusu ya mlima, Christy akiwa na viatu vya mjini na malengelenge saizi ya shilingi, alikaa juu ya jiwe akasema, "Dympna, tuoane, angalau tupate kukaa chini." Walijaliwa mtoto mmoja, Nuala. Christy alilala mwaka 2009, baada ya miaka thelathini na tisa ya kumsubiri mkewe mwisho wa kila njia, garini, na chupa ya chai.

Mwaka 1989 parokia iliamua kutengeneza njia ya matembezi: kutoka milango ya maji, ukingoni mwa mfereji, msituni, mpaka hapa mlimani, na kurudi. Mnajua sheria yetu, mwenye shamba asipokubali hakuna njia. Dympna alichukua keki ya zabibu kavu akaenda nyumba kwa nyumba. Wakulima kumi na mmoja walikubali kabla ya kumaliza kipande. Con alikula vipande viwili, akafuta mdomo, akasema, "Keki tamu. Hapana."

Basi ikawa vita. Con alitundika kibao: JIHADHARI NA FAHALI. Fahali mwenyewe alikuwa maksai mzee aitwaye Bernard, aliyeogopa mbwa, watoto na miavuli. Dympna akaandika chini kwa penseli, "Anapenda karoti." Kila majira ya kuchipua alipaka mshale wa njano kwenye jiwe kubwa la ukuta wa Con, na kila mara Con alitoka na mkebe wake akaufunika kwa rangi ya kijivu. Njano, kijivu, njano, kijivu, miaka thelathini na mitatu, hata jiwe likanenepa. Duka la rangi liliwaheshimu wote wawili.

Ikaja ile theluji kubwa ya Machi 2018, mkate ukaisha madukani kana kwamba dunia inahama. Dympna, wakati huo na miaka sabini na minne, aliona bomba la moshi la Con halitoi moshi. Aliruka ukuta. Alimkuta sakafuni jikoni, mguu umevunjika, akimlaani paka. Siku tisa marehemu alilikatiza shamba lile asubuhi na jioni, kabeba mkate na supu, akawalisha kondoo wa Con na kumwambia Con mambo aliyoyaweka moyoni tangu 1963. Siku ya kumi Con alisimama na fimbo mlangoni, akatazama nje, akasema, "Theluji imeyeyuka, Dympna. Njia imefungwa."

Shukrani ya punda ni mateke, tulisema sisi wa ukoo, na mimi, Majella, mtoto wa kaka yake ninayewasomea, nilisema na mengine yasiyosomeka makaburini. Dympna alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwacheni," alisema. "Amesema njia. Hajawahi kuiita njia."

Mwezi Mei 2022 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Daktari alimkataza kupita geti lake. Yeye aliyetembea nchi hii kutoka mto hadi mto aliwekwa kwenye kiti dirishani, nami nikahamia kwake kumwuguza, na kusema kweli tulidhani huzuni itamwua kabla ya moyo. Wiki ile ile, saa tisa alasiri, Con Brophy aliingia jikoni bila kubisha hodi.

"Natafuta kondoo," alisema.

"Jikoni kwangu?"

"Siku hizi wana akili."

"Kaa chini, mzee, kabla hujaanguka tena. Unajua kucheza karata?"

"Kukushinda wewe? Tangu tumboni."

Alikuja kila siku saa tisa, miezi kumi. Walicheza, wakaibiana, wakatukanana kwa lugha safi. Na kwa kuwa kwa barabara ni mbali na mguu wake ulikuwa mbovu, Con alikatiza shamba lake mwenyewe, akija na kurudi. Ilipofika Krismasi, ukikaa dirishani uliona mstari mwembamba umejichora nyasini kutoka mlangoni kwake hadi ukutani kwetu.

"Con," Dympna akamwambia, "shambani kwako kuna njia."

"Ipo wapi? Hizo ni nyasi zimelala."

Mwezi Februari marehemu aliweka karata mezani zikitazama chini. Nilikuwa napasha maji ya chai, nilisikia kila neno. "Con, nikifa, nipitisheni shambani kwako."

"Wewe hufi."

"Nikifa."

"Unajua maana yake. Jeneza likipita haifungwi tena."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba, sikuamrishi."

Con alichukua kofia akatoka katikati ya mchezo. Siku nne hakuonekana. Siku ya tano aliingia, akakaa, akasema, "Gawa." Dympna hakuuliza tena. Lakini usiku alipodhani sisikii alisema peke yake, "Hatua mia nne tu, jamani." Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma.

Alifariki Ijumaa tarehe 10 Machi 2023, saa tisa na dakika tano alasiri, kitini pake, akiwa na miaka sabini na tisa. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Huyo leo anachelewa." Con alifika dakika kumi baadaye. Alivua kofia, akazikusanya karata zote mezani, akazipanga vizuri, akaondoka. Jumamosi nilimpigia simu nikamuuliza, "Mzee Con, kesho kutwa tupite wapi?" Akajibu, "Nina kondoo anazaa," akakata. Ndipo nikamwambia mpiga chapa aache nafasi.

Yanayofuata nimeyaandika kwa mkono asubuhi hii, juu ya ukuta, mnivumilie.

Saa nne kasoro robo tulitoka nyumbani. Gari la maiti lilisubiri barabarani, injini inanguruma. Padri Lorcan alitazama saa. Nuala, aliyetua jana kutoka Perth akiwa hajalala, alisema, "Mama alikuwa haondoki bila kuchungulia ukuta ule. Twende tuchungulie." Wanaume sita wakainua jeneza, nasi tukafuata.

Ukuta haukuwepo. Tuseme mita tatu zake hazikuwepo, maana ile ngazi ya mawe ya zamani ya kuvukia ukuta ni nyembamba, jeneza lisingepita. Mawe yalikuwa yamepangwa kando moja moja kama mikate. Con alisimama pale na suti inayonuka dawa ya nondo, vidole vinavuja damu.

"Ukuta umeanguka," alisema.

"Umeanguka wenyewe, mzee?" nikamuuliza.

"Upepo."

"Na mawe yakajipanga?"

"Upepo wa Carlow una adabu."

Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Padri Lorcan, ambaye ni mtu wa haki, alimwambia, "Con, unajua kwamba baada ya leo huwezi kufunga tena."

"Najua. Nimechoka kununua rangi ya kijivu."

Tukapita. Hapo penye upenyo wabebaji waliegemea lile jiwe nene, na ndiyo sababu mnawaona hapa mbele watu sita waheshimiwa na rangi ya njano mabegani. Ilikuwa mbichi. Con alikuwa amepaka mshale alfajiri, kwa mkono wa mtu ambaye maisha yake yote amefuta tu, hajawahi kuchora. Ulikuwa umepinda, tena umeelekea upande usio wake, chini, kuelekea mtoni.

"Con," Padri akasema kwa upole, "makaburi yako juu. Mshale wako unawapeleka watu nyumbani kwa Dympna."

Con aliutazama mshale wake.

"Mimi ndiko nilikokuwa naenda," alisema.

Hakuna aliyeufuta. Hatua ni mia nne na kumi na mbili. Nuala alizihesabu kwa sauti, na Con alibeba pembe ya mbele kuanzia ya mia mbili.

Marehemu ameacha binti yake Nuala na mkwewe Graham, wajukuu wawili, Finn na Sadhbh, mimi Majella, mbwa wake Kanali, aliyefika hapa kabla yetu sote kwa kuwa aliijua njia, na Con Brophy, ambaye kwenye orodha ya mpiga chapa hakuna neno la kumwita, basi nimeandika jina lake tu. Chai na mkate vipo nyumbani penye milango ya maji. Piteni shambani.

Nuala amemvisha mama yake viatu vyake vya kutembelea na kamba akazifunga mara mbili. Shangazi, umefika, na kwa njia uliyoitaka. Legeza kamba sasa, vua viatu, upumzike kwa amani.